Mama Mkwe Alipopanda Pikipiki Yangu

Mke wangu ni muuguzi wa watoto hapa Kitale, na kwa miaka yote ya ndoa yetu alikuwa akirudi nyumbani amechoka hata kuongea. Wadi yake ililaza watoto wawili, wakati mwingine watatu, kitanda kimoja. Mvua ikinyesha ni kifua na kuhara. Jua likiwaka ni kuhara na kifua. Mimi nina mashine ya kusaga mahindi, kelele nimezizoea, lakini kila nilipompelekea chakula kazini nilirudi nikiishukuru mashine yangu. Yenyewe angalau ina swichi.

Kisha corona ikaja, shule zikafungwa, na jioni moja akarudi mapema, akavua viatu mlangoni, akaniambia, "Leo nimekunywa chai ikiwa moto."

Nilidhani ananitania. Akasema wadi iko kimya. Vitanda vimekaa tu, magodoro yamekunjwa. Watoto hawaendi shule, kwa hivyo hawaambukizani kikohozi darasani. Kila duka lina ndoo ya maji na sabuni mlangoni, kwa hivyo kuhara kumepungua. Barabara hazina magari mengi, kwa hivyo hata waliokuwa wakigongwa wakivuka hawapo. Alikuwa anafurahi, na mimi nikafurahi kwa sababu yake, ingawa nilipandwa na hasira kidogo kufikiri kwamba miaka yote hiyo watoto walikuwa wakiugua kwa kukosa kipande cha sabuni.

Furaha hiyo haikudumu. Baada ya wiki chache alianza kurudi kimya tena, lakini kimya cha aina nyingine. Wachache waliokuja walikuja wamechelewa. Kulikuwa na mama aliyefika na mtoto aliyekuwa akihema kwa shida, akasema amelipita lango la hospitali mara kadhaa na kugeuka, kwa kuogopa kwamba humo ndani ndimo ugonjwa ulimo. Kulikuwa na mtoto aliyekunywa mafuta ya taa kutoka kwa chupa ya soda, na mwingine aliyemwagikiwa na uji, wote watoto ambao siku za kawaida wangekuwa shuleni saa hizo.

"Wadi kuwa tupu si ati watoto wamepona," mke wangu aliniambia. "Wako tu huko nyumbani."

Maneno hayo niliyasikia kwa sikio moja. Sisi tulikuwa na shida yetu. Binti yetu alikuwa na miaka mitano, na kila jioni mama yake akifika alikuwa akimkimbilia, naye mama anampigia kelele asimame hapo hapo mpaka aoge na kubadilisha nguo. Mtoto anasimama, analia. Mama anaoga, analia. Mwishowe tukaamua kumpeleka Bumula kwa mama mkwe wangu, mpaka mambo yatulie.

Hapa inafaa nieleze jambo. Mimi ni wa familia iliyotoka Mkoa wa Kati zamani za babu, ikapata shamba Trans-Nzoia na kutulia. Kwetu mama mkwe anaheshimiwa, lakini chai mnakunywa meza moja. Kwa watu wa mke wangu, Wabukusu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapeani mkono, hawali pamoja, hawaketi nyumba moja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwa mahindi mpaka mwenzake apite. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilikasirika sana. Nilidhani mama ananichukia kwa sababu ya kabila. Mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu. "Anakuheshimu," akasema. "Angekuwa hakuheshimu, angekuja kukusalimia."

Serikali ilipotangaza watu wasimame mbalimbali na wasipeane mikono, nilimwambia mke wangu kwamba mimi na mama yake tulikuwa tumeitangulia serikali kwa miaka.

Basi kila Jumamosi nilikuwa nikienda kumwona mtoto na kuwapelekea unga. Nilikuwa nikiwekewa kiti kando ya ghala, mgongo ukielekea jikoni. Mama alikuwa akikaa ndani ya mlango wa jikoni, mgongo ukinielekea mimi. Mtoto alikuwa akikimbia kati yetu na kupeleka maneno, bibi yake akimwita kukhu kwa Kibukusu.

"Kukhu anasema karibu."

"Mwambie kukhu asante, wameamkaje?"

"Baba anasema asante, mmeamkaje?"

Tulikuwa tunasikiana vizuri kabisa, lakini hakuna aliyejibu mpaka neno limfikie kwa njia yake. Mtoto aliipenda kazi hiyo kama mtu aliyeajiriwa. Wakati mwingine aliongeza yake. "Kukhu anasema kesho uniletee soda mbili." Ndipo sauti ingetoka jikoni, ikiuambia ukuta, "Sijasema hivyo mimi!" Nami ningeliambia ghala kwamba nimeelewa.

Jumamosi ninayotaka kuisimulia, mke wangu alikuwa amewekwa karantini. Mwenzake wa kazi alipatikana na ugonjwa, wakafungiwa wote katika nyumba ya wauguzi, na hakuruhusiwa kutoka hata langoni. Nilifunga unga na sukari kwenye pikipiki asubuhi, nikashika barabara ya Kiminini, Webuye, nikapita Bungoma mjini, nikakata kwenda Bumula. Nilifika mapema. Nilizima pikipiki, nikakohoa langoni kama inavyotakiwa, nikangoja mtoto aje mbio.

Hakuja. Ua ulikuwa unanuka majani ya mkaratusi na malimau yaliyochemshwa. Moshi ulikuwa unatoka, kwa hivyo nilijua mama yupo. Nilipiga hodi. Nilimwita mtoto, nikamwita tena. Kiti changu hakikuwa kando ya ghala. Nilikuwa na swali moja tu la kuuliza, na sikuwa na wa kumtuma.

Kisha mama mkwe akatoka. Hakujifunika uso na hakugeuka. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele yangu, akanitazama, na ndipo nilipojua, baada ya miaka yote hiyo, kwamba mke wangu ana macho ya mama yake.

"Baba," akasema, "mutoto ananiishia kwa mikono."

Niliingia nyumbani mwake, hadi chumba anacholala. Mtoto alikuwa chini ya blanketi nzito, mwili unachoma, macho yamegeuka. Nilifungua kiganja chake. Kilikuwa cheupe kama unga wa kwangu, ule wa daraja la kwanza. Kando ya kitanda palikuwa na sufuria ya majani ambayo alikuwa akifukiziwa mvuke wake. Mama alianza kuongea bila kupumua, maneno ya miaka yakitoka yote pamoja.

"Mwili ilianza kuchoma juzi. Nikajua ni hiyo kitu. Nikasema wakisikia watakuja na zile nguo nyeupe, wamubebe, wamufungie kwa mabweni ya shule peke yake. Mutoto mdogo hivi, huko atalilia nani?"

"Si ungempigia mama yake simu?"

"Na yeye amefungiwa? Si ningemuua na mawazo?"

"Basi ungenipigia mimi!"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini hakuruka. "Wewe? Nakupigia simu namna gani, baba?"

Nilitaka kufoka. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, wateja wangu wanajua. Lakini niliitazama ile sufuria ya majani. Mwanamke huyu alikuwa amekesha na mtoto wangu, amechemsha kila jani alilolijua, na simu iliyokuwa mkononi mwake hakuweza kuitumia kwangu, kama vile mimi nisivyoweza kuingia kanisani bila nguo. Ningefoka nini?

Nilikimbia nje kuita jirani. Alikuja mpaka kwenye ua akasimama hapo, leso mdomoni. "Pole sana baba watoto," akasema, "lakini mimi pia niko na watoto." Sikumlaumu. Hapana, nilimlaumu, nilimlaumu njia nzima hadi Bungoma. Sasa ndio simlaumu.

Mtoto alianza kushtukashtuka mikono na miguu. Nisingeweza kuendesha pikipiki na kumshika mtoto wa namna hiyo. Alihitaji mtu wa kumkumbatia kwa nguvu, na mtu alikuwa mmoja.

"Panda, mama," nikasema.

Alikitazama kiti cha pikipiki. Alinitazama mgongo. Sijui alisimama kwa muda gani, kwangu ulikuwa mrefu. Kisha akavua leso ya kichwa, akajifunga mdomo kama redio ilivyosema, akainua mguu, akapanda. Mtoto tulimweka katikati, kifua cha mama kikimsukuma kwangu ili asianguke. Mikono yake ilipita kando ya mtoto ikashika koti langu.

Alikuwa akitetemeka. Nilimhisi hata kupitia mwili wa mtoto. Nilidhani ni pikipiki, maana hakuwahi kuipanda. "Usiogope, mama," nikamwambia, "sitakimbiza." Halafu nikakimbiza.

Tulipopita sokoni Bumula, wazee waliokuwa wameketi nje ya duka walisimama. Wanatujua. Mmoja alishika mdomo. Kwa macho yao ni kama tulikuwa tunapita uchi, mama na mkwe, mchana kweupe. Nilisikia mama akiinamisha kichwa nyuma ya bega langu, lakini mikono haikuachilia koti.

Kwenye lango la hospitali, Bungoma mjini, askari alitusimamisha na kile kifaa cha kupima joto kwenye paji la uso. Nilimpigia kelele ambazo sitazirudia hapa. Akaniambia kwa upole, "Mzee, osha mikono. Wewe osha tu." Nilipoinua kichwa kutoka kwa ndoo, nikiwa bado natukana, niliona tayari amewapungia watu wa ndani, na muuguzi anakuja mbio kumpokea mtoto. Mtu huyo nilirudi kumtafuta baadaye nimwombe radhi na kumshukuru. Alicheka akasema siku hiyo nilikuwa wa pili.

Idara ya dharura haikuwa na foleni. Mabenchi marefu, yamewekwa alama za watu wakae mbalimbali, na hakuna aliyekaa. Walimdunga mtoto kidole palepale, wakamtia sindano ya degedege, wakaweka maji mshipani, na hata kabla sijamaliza kueleza habari za majani ya mkaratusi, jibu lilikuwa limetoka. Malaria. Malaria kali, na damu imekwisha mwilini.

Nilikaribia kucheka. Malaria! Ugonjwa tunaoujua Bungoma kama jirani wa ukuta mmoja. Mwaka mwingine wowote, mama mkwe angemfunga mtoto mgongoni siku ya kwanza, ampeleke zahanati, wapewe dawa, warudi kupika. Mwaka huo kila joto lilikuwa na jina moja, na jina hilo lilifunga watu midomo na milango.

Ilihitajika damu, na damu ilikuwa adimu. Muuguzi alinieleza kwamba wanafunzi wa sekondari ndio wanaoitoa kwa wingi, na shule zimefungwa. Nikavua koti. Walinipima, ikalingana. Nilishukuru Mungu kwa sauti, pale kitandani, mkono umenyooshwa, na yule muuguzi akaitikia amina.

Daktari aliyemhudumia alikuwa kijana. Aliniambia neno moja ambalo nalikumbuka. "Mmefika," akasema. "Tuanzie hapo." Alikuwa amevaa barakoa na miwani mikubwa, sikuuona uso wake hata mara moja. Tukipishana leo sokoni sitamjua. Mtu anayenidai shukrani kuliko wote nje ya familia yangu hana uso, na ndiyo maana tangu hapo nawasalimia vijana wote wa hospitali vizuri, nisije nikampita.

Kwa sheria za wakati huo, mtoto alilazwa na mtu mmoja tu wa kumwangalia, na akiingia hatoki. Walituuliza ni nani. Nikafungua mdomo kusema ni mimi. Mama mkwe alikuwa ameshamchukua mtoto mikononi na kuanza kutembea.

Mimi nikabaki nje, kwenye ukuta, dirishani. Kutoka hapo niliiona wadi yote. Mtoto wangu alikuwa kitanda cha kona, damu yangu ikishuka tone kwa tone, na kukhu wake ameketi kando, leso mdomoni, mgongo umenyooka. Vitanda vingine, kimoja baada ya kingine, vilikuwa vitupu. Ndipo maneno ya mke wangu yaliponifikia. Wako tu huko nyumbani. Niliangalia kila godoro lililokunjwa nikamwona mtoto wake, yuko mahali fulani, Sirisia au Lwakhakha au Bumula kwenyewe, chini ya blanketi nzito, katika nyumba inayonuka majani yaliyochemshwa, na bibi yake anasikiliza hatua za watu nje. Nilimshukuru Mungu kwa kitanda kimoja kilichojaa, na nikaona haya kushukuru peke yangu.

Nilimpigia mke wangu, nikamweleza. Akaniomba nimpe mama yake simu. Nilimpitishia dirishani. Mama aliipokea, akageuka upande wa ukuta, akaongea muda mrefu kwa Kibukusu, kwa sauti ya chini, bila kulia. Aliponirudishia simu, mke wangu upande ule alikuwa analia mpaka maneno hayaeleweki. Nilimtuliza. Nilimwambia mtoto ameshawekewa damu, atapona. Akasema, "Najua, najua," na akaendelea kulia.

Asubuhi nilikuwa nimesinzia nimeegemea ukuta nikasikia dirisha linagongwa. Mama mkwe alikuwa ameinama, ananitazama machoni kwa mara nyingine, na barakoa ya hospitali imemkaa upande.

"Ameitisha chai," akasema. "Anasema ya hapa haina sukari."

Nilikimbia hadi kibanda cha kwanza nje ya lango. Mwenye kibanda aliniuliza kwa nini nalia, nikamwambia ni kwa sababu chai haina sukari. Akanipa kijiko cha ziada.

Mtoto alitoka hospitali amekonda, lakini anabishana. Mke wangu alitoka karantini mzima. Wazee wa Bumula walituita, wakasema jambo lililotokea kati yangu na mama lazima lirekebishwe kwa utaratibu wake. Nilinunua mbuzi na blanketi kama walivyosema, na kwa mara ya kwanza maishani sikubishana na mzee yeyote. Baadaye mwaka huo mama alitutumia ndama wa kike, mwekundu, akiwa juu ya pikapu ya mahindi. Nilifikiri ni zawadi ya kumwona mtoto amepona. Nilituma shukrani kwa njia ya mke wangu, nikajenga kibanda cha ng'ombe nyuma ya mashine, na nikaliacha jambo hilo hapo.

Mwaka jana tu ndipo mke wangu aliponiambia mama yake alisema nini kwenye simu ile. Hakumpa habari za mtoto hata kidogo. Alimwambia funguo za ghala ziko wapi. Alimwambia nguo ya kumzikia yeye mwenyewe iko sanduku gani, na ni wimbo gani wa kanisa asiimbiwe. Alimwambia ndama mwekundu ni wa mtoto, akipona. Alikuwa amelelewa akiambiwa kwamba mwanamke anayemgusa mkwe wake namna ile haponi, na redio ilikuwa imemwambia kwamba mzee anayeingia hospitali mwaka huo hatoki. Kwa jinsi alivyojua yeye, alipoinua mguu na kupanda nyuma yangu alikuwa anakufa mara mbili, na ndiyo sababu alitetemeka njia nzima. Alipanda akijua hivyo, na kwenye lango la wadi akanitangulia.

Nilimwambia mke wangu turudishe ng'ombe, maana mwenye kuusia yu mzima na bado analima kuliko mimi. Mama alituma jibu kwamba wosia ni wosia, na kwamba tusimletee matatizo. Kwa hivyo kila asubuhi, kabla sijawasha mashine, nakamua, na binti yetu, ambaye sasa ananifikia kifuani, anakunywa kikombe cha urithi wake, na aliyemwachia yuko Bumula anapalilia maharagwe.